Wimbo wa Migombani kwa Bibi Subilaga

Ninyi vijana mnaotaka kusomea fasihi ya watu wa mbali, jiandaeni kushukiwa. Mimi nimesoma na kufundisha fasihi ya Kijerumani na ya Ulaya tangu nikiwa na nywele nyeusi mpaka nywele zenyewe zikaisha, na sikumbuki mwaka ambao hakuna mtu aliyenitazama kwa jicho la pembeni. Baba yangu kule Ikuti, mkulima wa chai na ndizi, alinishuku mpaka anaingia kaburini. "Yaani Wazungu, watu wazima na akili zao, wanakulipa usome hadithi?" alikuwa ananiuliza kila nikija likizo. "Hadithi tu? Hakuna kingine wanachokutuma?" Nikimjibu kwamba hakuna kingine, alikuwa anamgeukia mama na kumwambia kwa Kinyakyusa kwamba mtoto amefundishwa kuficha mambo.

Sasa nimestaafu, nimejenga hapa Tukuyu si mbali na soko, na hali imekuwa mbaya zaidi. Wilaya yetu ina mazungumzo yake ambayo hayaishi: kwamba Mjerumani alipokuwa anakimbia aliacha mali. Wengine wanasema aliitupa katika ziwa la Masoko, wengine wanasema aliizika, na kila mmoja ana mjomba aliyewahi kukaribia kuipata. Chukueni mazungumzo hayo, myachanganye na mzee anayejua Kijerumani, aliyerudi nyumbani na masanduku mazito ambayo vibarua waliyashusha kwa kuhema. Nilikuwa nimejaza vitabu, lakini nani aamini? Nilipochimba shimo la choo, majirani walikuja kunipa pole ya kazi kwa zamu, na kila aliyenipa pole macho yake yalikuwa shimoni.

Silalamiki sana, kwa sababu kushuku ndiyo kazi yenyewe niliyofundishwa. Mwalimu wangu kule Ujerumani alikuwa mama mmoja mfupi, mvutaji mkubwa wa sigara, asiyeamini kitu mpaka akigeuze chini juu. Ukimpelekea maelezo yako juu ya shairi au hadithi, hayasomi kwanza. Anayaweka mezani kifudifudi, anakutazama, anakuuliza: "Nani anasema maneno haya, anamwambia nani, na kwa nini ayaseme mahali hapa?" Ukibabaika, anakurudishia karatasi zako zilivyo. Nilimchukia mwaka mzima wa kwanza. Baadaye nikagundua kwamba nimeanza kumuuliza hata mwenye nyumba wangu maswali yale yale, naye hakufurahi.

Yule mama ndiye aliyenikamata na theluji. Tulipewa hadithi ya msichana anayeamka asubuhi, anafungua dirisha, anakuta theluji imefunika kila kitu, naye anacheka kwa furaha. Nikaandika kurasa nyingi kuthibitisha kwamba msichana huyo amepata kichaa. Kwetu Rungwe kitu cheupe na cha baridi kinachoanguka kutoka juu ni mvua ya mawe, na mvua ya mawe ikipita juu ya migomba inabaki michirizi mitupu, na chai inakuwa kama imepigwa fimbo. Mtu anayecheka baada ya hapo anapelekwa kwa wazee. Darasa lilicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mama yule hakucheka. Alisema, "Huyu ameleta shamba la baba yake ndani ya hadithi. Nyinyi wengine mmeleta nini?" Kisha akanipa alama ndogo, kwa sababu pamoja na sifa hizo nilikuwa nimekosea.

Kwa hiyo shikeni hili la kwanza: someni kwa sauti kabla hamjafungua kamusi. Mdomo unajua mambo ambayo jicho linayaruka. La pili, neno likikubali upesi kuwa na maana unayoitaka, lirudie. La tatu, msisome kipande kilichokatwa mahali pake. Siku hizi mnapiga picha ukurasa, simu inawatafsiria, mnaniletea. Wakati wetu tulikuwa tunanakili kwenye vikadi na kuvipanga kwenye maboksi ya viatu, na mende walikula sura nzima ya tasnifu yangu. Sisemi ile njia ilikuwa bora, mende si kitu cha kutamani. Ila miaka yangu ya mwisho chuoni nilikuwa nikipokea kazi ya mwanafunzi ambayo haina hata pahali pamoja alipopotea, namwita ofisini, maana mtu asiyepotea kabisa katika hadithi ya kigeni hakuisoma yeye.

Sasa niwaeleze la Masoko, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae niandike.

Siku moja ya mvua, na hapa Tukuyu ni kama kusema siku moja ya siku, bodaboda iliingia uani kwangu. Aliyeendesha namfahamu, anaitwa Ipyana, kijana wa miaka kama thelathini, mjukuu wa Bibi Subilaga wa Masoko. Amebeba mtu mwenye koti jipya la mvua na begi refu. Nikawakaribisha sebuleni, mke wangu akaleta chai ya maziwa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Ipyana. "Huyu ni mtaalamu. Katoka mbali, anajua mambo ya mali za zamani. Ana mashine."

Yule mtu hakusema jina lake, na sikuwahi kulijua. Akiulizwa anaitwa nani anajibu, "Niite Mtaalamu tu, mzee wangu." Nikaanza kumshuku hapo hapo. Nimekutana na wataalamu wengi maishani, na wote walikuwa na majina.

Maelezo yao yalikuwa hivi. Nyuma ya nyumba ya Bibi Subilaga, katikati ya migomba, kuna mawe yamepangwa na mkono wa mtu. Mawe hayo yalipangwa na baba yake Bibi, aliyewafanyia kazi Wajerumani alipokuwa kijana. Kila migomba inaposafishwa, kabla ya kuondoka, familia inasimama pale kwenye mawe na kuimba wimbo wa Kijerumani ambao hakuna anayejua maana yake. Mzee yule alimwachia binti yake agizo: paimbwe, na pasiguswe.

"Halafu kuna kitu kingine," Mtaalamu aliongeza, akasogeza kikombe chake. "Zamani watu wa huku walikuwa wanahama, si ndiyo? Vijana wa rika moja wanaondoka wanajenga kijiji chao. Sasa wenzake yule mzee wote walihama. Yeye peke yake akagoma. Walimwambia ni mchawi, akagoma. Mtu anakubali kuitwa mchawi kwa sababu ya migomba, mzee wangu? Alikuwa analinda."

Hoja ile ilikuwa nzuri, na nilichukia kwamba ilikuwa nzuri. Ipyana alitoa simu aniwekee wimbo aliourekodi. Nikamwambia afunge simu yake, nitausikia pale pale unapoimbwa. Nikaona wametazamana. Tayari walikuwa wameanza kujiuliza kwa nini mzee anataka kufika eneo la tukio.

Bibi Subilaga alitupokea mlangoni, mama mkubwa sana kwa umri, amejifunga kanga mbili juu ya sweta. Kiswahili chake ni cha wazee wetu wa kike, kinachotembea juu ya Kinyakyusa. "Ugonile, tata," alinisalimu, na tata kwetu ni baba, aliyemzaa mtu na hata mwanamume yeyote wa kuheshimiwa, kisha akanishika mkono asiuachie, akaninong'oneza. "Hawa watoto wanataka kung'oa migomba ya tata. Ipyana ndiye mwenye shamba mimi nikifa. Nikikataa ataona namnyima maisha. Nikikubali, tata atanikuta huko na kuniuliza. Wewe unajua maneno ya Mjelumani. Nimewaambia wote: litakalosemwa na mwalimu, nitalifuata."

Vijana, nilitamani kurudi Tukuyu. Kazi yangu yote nimesema kwamba fulani alimaanisha hivi, mwenzangu akasema alimaanisha vile, tukagombana kwenye majarida, na hakuna mgomba hata mmoja uliong'olewa.

Tukaenda kwenye mawe. Si mengi na si makubwa, yamezunguka kipande kifupi cha ardhi, kifupi kuliko nilivyotegemea. Bibi alifagia majani makavu kwa mguu, akaweka kiganja juu ya jiwe la mwisho, akaimba kwa sauti kubwa kabisa, kama kwaya ya Jumapili.

Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Kijerumani kile kilikuwa kimepita katika midomo yetu mpaka pembe zake zimesuguliwa, lakini kilikuwa kizima, hakuna neno lililopotea. Miaka yote nimekaa kwenye maktaba za watu nikitafuta Kijerumani kilichokuwa kinazungumzwa na wanadamu, na kumbe kimoja kilikuwa Masoko, kinaimbwa na mama mwenye jembe. Nililia, na sikujificha. Mtaalamu akamkonyeza Ipyana, maana aliona nimelia kwa sababu nimeshajua mali ilipo.

"Ni wimbo wa kubembeleza mtoto," nikawaambia. "Unasema: Lala, kadogo kangu. Upepo umelala juu ya paa, paka amelala jikoni, moto nao unasinzia. Usiogope giza. Mimi nimekaa mlangoni."

Mtaalamu akacheka taratibu. "Mzee wangu, wale watu walikuwa wanasema kwa mafumbo. 'Lala' maana yake imelazwa, imezikwa. 'Moto' na 'jiko' ni pale walipoyeyushia dhahabu. 'Paka' ni mlinzi. 'Nimekaa mlangoni' si umesikia? Kuna mlango."

Sasa mimi ningejibu nini? Maisha yangu yote nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwaambia kwamba maneno yanasema zaidi ya yanavyosema. Nimewahi kuwapa watu shahada kwa hoja dhaifu kuliko ile. Kama Mtaalamu angekuwa mwanafunzi wangu ningemwambia una kipaji, rudi ukafanye kazi zaidi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ndiyo nataka muikariri ninyi mnaoanza: alikuwa anashuku kila kitu isipokuwa hamu yake mwenyewe. Alikuja na dhahabu kichwani, kwa hiyo kila neno lilimpa dhahabu.

Nikamgeukia Ipyana. Uso wake ulikuwa umefunga.

"Mwalimu, usitufiche bwana," alisema. "Wewe ni mzee wetu. Lakini watu wa mjini walishaniambia, kwamba tukikupeleka utatugeuzia maneno, halafu urudi mwenyewe. Jumamosi tunachimba."

Bibi alinitazama. Alikuwa ameahidi kufuata neno langu, na neno langu lilikuwa halina thamani kwa mjukuu wake. Hapo ningeweza kusema uongo. Wazo lilinijia, nalo lilikuwa tamu: niseme wimbo unataja laana, kwamba atakayechimba atavimba tumbo. Wangekimbia siku ile ile. Lakini mtu aliyelishwa na maneno ya watu maisha yake yote hawezi kuyatia sumu mwishoni, na zaidi ya hapo Mtaalamu angerudi na mchungaji wa kuondoa laana.

Nikamwambia Ipyana, "Usiniamini. Njoo kwangu kesho, nikupe kamusi, utafsiri mwenyewe."

Nilidhani hatakuja. Alikuja, amelowa, akaacha pikipiki barazani. Nadhani alikuja kunichunguza. Nikamwonyesha namna ya kutafuta neno, nikamwandikia maneno ya wimbo kwa herufi kubwa, kisha nikahamia kiti cha mbali nikajifanya nasoma. Hakutumia kamusi yangu peke yake, akawa analinganisha na simu yake, akihisi labda nimechomoa kurasa. Nilifurahi kimoyomoyo. Wanafunzi wangu wengi hawakuwahi kukagua kama kamusi ina kurasa zote.

Akaja tena siku iliyofuata. Abiria wanampigia simu, hapokei. Mke wangu akampikia ndizi na maharage, akala bila kuinua macho. Alipata "lala," akapata "paa," akapata "paka," akaguna. Akatafuta "paka" mara nyingine kwenye simu, labda atokee mlinzi. Akabaki paka.

Kuna swali moja nilikuwa nalo tangu pale migombani, nililinyamazia. Si kwa ujanja wa kumdhalilisha kijana. Ni kwamba mtu anayekushuku hatapokea jibu kutoka kwako, hata liwe kweli kama mvua, mpaka aliokote mwenyewe njiani. Hii ni mbinu ya kufundisha, na inachosha sana, kwa sababu unaweza kukaa na jibu mdomoni huku Jumamosi inakaribia.

Ijumaa jioni, jua likiwa limejitokeza kidogo baada ya mvua, Ipyana akaweka kalamu chini.

"Mwalimu. Ni wimbo wa mtoto kweli."

"Ndiyo."

"Sasa..." Akajikuna kichwa. "Wimbo wa kubembeleza anaimbiwa mtoto. Babu alikuwa anauimbia mawe. Kwa nini uimbe pale? Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Nikafikiria yule mama mfupi na sigara yake, na karatasi zilizolazwa kifudifudi. Sikumjibu Ipyana. Nilimwambia tu, "Kamuulize bibi yako babu alikuwa anafanya kazi gani kwa Wajerumani."

"Si alikuwa boi."

"Boi wa nini?"

Akapiga simu pale pale, akaweka sauti ya juu. Bibi alichukua muda kuelewa kwa nini anaulizwa. "Tata alikuwa analea," alisema. "Wakati ule walichukua vijana wa kiume kufanya kazi za ndani. Alikuwa anabeba mtoto wao mgongoni, mtoto mdogo fijo, mdogo sana."

"Na huyo mtoto alikwenda wapi, Bibi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Tata hakusema. Alisema tu vita vilipokuja wenyewe waliondoka, na yule mama yao aliondoka analia."

Ipyana alikata simu, akakaa. Mikono yake ilijitandaza yenyewe mbele yake, kiganja kimoja huku na kingine kule, akapima ule urefu wa mawe hewani. Kisha akairudisha haraka mapajani.

Jumamosi nilikwenda Masoko asubuhi. Nilikuta Mtaalamu ameshafungua begi lake refu, anapitisha mashine juu ya mawe, na mashine inalia. Inaweza kuwa jembe la zamani, inaweza kuwa chochote, nasi hatukuangalia. Ipyana alikuwa amesimama katikati ya migomba mikono kifuani.

"Kaka, funga mashine," alimwambia. "Hapa hapachimbwi."

"Si unasikia inavyolia? Dili ndiyo hii."

"Nimesikia. Hapa kuna mtu amelala."

Mtaalamu akanigeukia mimi. "Huyu mzee kakushika akili. Utaona. Mwezi ujao utakuta shimo hapa na yeye ana gari jipya." Akafunga begi lake kwa hasira, akaenda zake akitukana kwa adabu, ile adabu ya kusema "wazee wangu" kila baada ya tusi. Nasikia sasa yuko kwa watu wengine, upande wa pili wa ziwa.

Msije mkasema mwalimu alithibitisha. Sikuthibitisha. Sina jina la mtoto, sina jina la mama yake, na mfupa sijauona wala sitaki kuuona. Ukinibana kwenye mkutano wa wasomi nitakiri kwamba nina wimbo, mawe mafupi na mtu aliyekataa kuhama. Hata mjini hawajaniacha. Wanasema mali tumeshaihamishia kwenye shimo langu la choo, na juzi fundi alikataa kulizibua bila shahidi.

Lakini siku ile, Mtaalamu alipokwisha kuondoka, Bibi Subilaga alikuja na kigoda chake akakaa karibu na mawe. "Sasa niambie na mimi, tata," alisema. "Nimeuimba tangu utoto, hakuna aliyenieleza nasema nini."

Tulipokuja mara ya kwanza nilikuwa nimetafsiri kwa haraka, nikiwalenga wale wanaume, na yeye, alipokwisha kuimba, alikuwa amesogea mbali ameshika kifua. Safari hii nilimpa mstari mmoja mmoja, kwa Kinyakyusa. Upepo. Paka. Moto. Alikuwa anaitikia kila mstari, "Ee." Nilipofika mwisho, usiogope giza, mimi nimekaa mlangoni, hakuitikia. Aligeuka akatazama nyumba ya baba yake, ile ya zamani ambayo sasa ni ya mbuzi. Nami nikaitazama. Mlango wake unaelekea kwenye mawe.

"Wenzake walihama," alisema. "Walimwita mchawi. Mama yangu alimlilia wahame, naye alikaa tu pale mlangoni."

Kisha akaona aibu kidogo, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. "Kumbe mtoto amelala, na mimi siku zote naimba kwa kelele namna ile."

Hakuna aliyecheka. Ipyana alichuchumaa kando ya kigoda, akaokota jani la mgomba lililoangukia juu ya mawe, akaliweka pembeni.

"Bibi," alisema, "hebu rudia ule mstari wa mwisho. Polepole, niushike."

Bibi akaimba kwa sauti ya chini, na Ipyana akamfuata.